Hamira Inapoposa: Jinsi Vimeng'enya Vinavyowasha na Kuzima Ishara za Seli

Hamira ambayo mpishi huitia katika unga wa mandazi au katika rojo la vitumbua ni kiumbe hai. Punje zake kavu, zinazoonekana mfu kama mchanga, zimesheheni seli zilizolala zikingoja maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Zikiamka hula, hutoa hewa inayouumua unga, na huzaana kwa kuchipuza: seli mama huota kinundu, kinundu hukua, kisha hujitenga kikawa seli kamili. Hayo yanajulikana katika kila jiko. Yasiyojulikana sana ni kwamba hamira hiyohiyo husikia, hujibu, huchagua mchumba na, jambo gumu kuliko yote, hujua wakati wa kuacha kusikiliza.

Mazungumzo ya leo yanahusu hasa jambo hilo la mwisho. Ndani yake mna maarifa yaliyowasaidia wataalamu kuelewa namna saratani inavyoanza, na hata hitilafu moja adimu ya macho.

Kazi zote hizo zimo mikononi mwa vimeng'enya. Kimeng'enya, ambacho wengine hukiita enzaimu, ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Jina la Kiswahili limetokana na kumeng'enya chakula. Jina la kigeni nalo lina asili ya kupendeza: mwanafiziolojia Mjerumani, Wilhelm Kühne, aliliunda katika miaka ya 1870 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya hamira". Mwaka 1897 Mjerumani mwenzake, Eduard Buchner, aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akaona kwamba majimaji yale yasiyo na seli hai yaliendelea kuigeuza sukari kuwa pombe. Kwa ugunduzi huo alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1907. Basi kwa muda mrefu vimeng'enya vya hamira vilitazamwa kama wapishi tu. Kwamba vingine ni matarishi, na vingine ni mabawabu, kulifahamika baadaye sana.

Hamira ya mkate, ambayo kwa jina la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, ina seli za aina mbili, A na Alfa, na seli moja ya kila aina zinaweza kuungana zikawa seli moja yenye urithi wa pande zote mbili. Lakini seli ya hamira haina macho wala miguu. Upana wake ni takriban mikromita 5, yaani seli 200 zikipangwa katika mstari hujaza milimita 1. Itamjuaje mwenzi aliye jirani? Hutuma posa. Seli ya Alfa humwaga nje molekuli ndogo iliyoundwa kwa asidi amino 13, na seli ya A hutuma ya kwake. Wataalamu huziita molekuli hizi feromoni.

Hata uandishi wa posa hiyo ni kazi ya vimeng'enya. Seli ya Alfa hutengeneza kwanza mnyororo mrefu wa protini wenye nakala kadhaa za ujumbe uleule, kisha kimeng'enya kiitwacho Kex2 huukata mahali maalumu, mfano wa mkasi wa fundi cherehani ufuatao alama ya chaki. Vimeng'enya vingine humalizia kwa kupunguza ncha. Jeni la Kex2 lilitenganishwa mwaka 1984 na kundi la watafiti la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambamo alikuwamo kijana David Julius. Yeye alikuja kupata Nobel mwaka 2021 kwa kazi nyingine kabisa, ya kueleza jinsi neva zinavyohisi joto na ukali wa pilipili. Baada ya mkasi huo kujulikana, ndugu zake walitafutwa na kupatikana mwilini mwa binadamu. Miongoni mwao wamo wale wanaoikata protini changa ndani ya kongosho ili ipatikane insulini.

Barua imetumwa, sasa ipokewe. Juu ya utando wa seli ya A vimetanda vipokezi, navyo ni wa ukoo mmoja na vipokezi vya adrenalini katika moyo wa binadamu na vile vinavyopokea nuru ndani ya jicho. Feromoni ikitua, kipokezi hujipinda, na upande wake wa ndani humwamsha mshenga. Mshenga huyu ni protini ya G, yenye vipande vitatu. Wakati wa utulivu kipande cha kwanza hushikilia molekuli iitwayo GDP, na huku kimewakumbatia wenziwe wawili wasiende popote. Kipokezi kikikisukuma, huiachia GDP na kushika GTP, molekuli iliyo sawa na hiyo ila ina fosfeti moja zaidi. Hapo mikono hulegea, wale wawili huachiliwa, na habari huanza safari ya kwenda ndani.

Jambo moja hapa lataka kukumbukwa, kwa kuwa litarudi. Kipande hicho cha kwanza ni kimeng'enya nacho. Taratibu, bila kuambiwa na mtu, huikata ile fosfeti ya ziada, GTP ikarejea kuwa GDP, na vipande vitatu vikakumbatiana tena. Ni taa iliyoundwa ikiwa na kizimio chake ndani. Kasoro yake ni kwamba kizimio hicho, kikiachwa peke yake, ni kivivu.

Habari ikishaingia hupokezanwa na vimeng'enya vya kundi la kinasi. Kazi ya kinasi ni moja: kuchukua fosfeti kutoka kwenye molekuli ya ATP na kuibandika juu ya protini nyingine. Fosfeti ni kitu kidogo mno, lakini ina chaji ya umeme, na ikibandikwa huweza kuifanya protini ibadili umbo na tabia. Lipo kundi la pili, fosfatasi, ambalo kazi yake ni kuibandua. Mtindo huu wa kubandika na kubandua ulielezwa katika miaka ya 1950 huko Seattle, Marekani, na Edwin Krebs na Edmond Fischer wa Chuo Kikuu cha Washington. Wao walikuwa wakichunguza misuli, na hamira haikuwamo katika hesabu yao. Walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1992, karibu miaka 40 baadaye, muda unaoonyesha jinsi ulimwengu ulivyochelewa kutambua upana wa jambo lile.

Katika chuo hichohicho, tangu mwaka 1968, Leland Hartwell alitumia hamira kuchunguza namna seli inavyogawanyika, kazi iliyomletea Nobel mwaka 2001 pamoja na Waingereza Paul Nurse na Tim Hunt. Yeye na watafiti wengine walikusanya seli zilizopoteza uwezo wa kuungana, wakaziita tasa. Ndiyo maana protini nyingi za njia hii zina majina yanayoanza kwa Ste, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya utasa. Ste20 humbandikia fosfeti Ste11, Ste11 humbandikia Ste7, na Ste7 humbandikia Fus3. Fus3 ndiye afikishaye habari ndani ya kiini: jeni za harusi huamshwa, na mgawanyiko wa seli husimamishwa, maana haifai bwana au bibi harusi akutwe katikati ya kuzaa. Kisha seli huota mdomo kuelekea upande inakotoka feromoni. Umbo hilo wanasayansi waliliita shmoo, jina la kiumbe wa katuni za Mmarekani Al Capp, na jina la mzaha limekaa katika vitabu vya sayansi hadi leo.

Kwa nini mlolongo wote huo wa kupokezana, ilhali mjumbe mmoja angetosha? Sehemu ya jibu ni kwamba kila kituo ni mahali ambapo habari yaweza kukuzwa, kupunguzwa au kuzuiliwa. Lakini vituo hivyo vina hatari yake, kwani baadhi hutumiwa na njia zaidi ya moja. Seli ya hamira ikitumbukizwa katika chumvi kali, maji huikimbia, nayo hulazimika kutengeneza gliserini upesi ili isinyauke. Tawi moja la ishara ya chumvi hupita kwa Ste11 yuleyule wa posa, lakini huishia kwa kinasi nyingine iitwayo Hog1. Mwaka 1998 Sean O'Rourke na Ira Herskowitz, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, walieleza yaliyotokea Hog1 ilipoondolewa. Chumvi ilipomiminwa, ishara ilifurika hadi njia ya pili, na seli zikaanza kujipamba kwa harusi. Hapakuwa na posa wala mchumba, palikuwa na chumvi tu. Ikadhihirika kwamba Hog1 hufanya zaidi ya kupokea habari za chumvi. Hulinda pia mpaka kati ya njia mbili.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo. Katika miaka ya 1970 iligundulika kwamba seli za A humwaga nje kimeng'enya kinachoikatakata feromoni ya Alfa. Kikaitwa Bar1, kutokana na neno lenye maana ya kizuizi. Lilikuwa jambo la kustaajabisha. Ni binti gani anayengoja posa, kisha huziraruaraua barua mlangoni?

Jibu lilikuja pole pole. Mwaka 1990 Catherine Jackson na Hartwell walionyesha kwamba seli ya hamira iliyozungukwa na wachumba wengi humchagua yule anayetoa feromoni kwa wingi zaidi. Ili ichague, sharti itofautishe. Feromoni ikiachwa ijilimbikize kila upande, vipokezi vyote hujaa, na kusini hakuna tofauti na kaskazini. Seli husikia makelele matupu isijue yatokako. Bar1 husafisha majimaji yaliyoizunguka seli, kiasi kwamba kinachofika kwenye utando ni barua ya aliye karibu, au ya anayetuma kwa bidii. Seli zilizonyang'anywa Bar1 husikia mno, na hilo ndilo huziponza.

Nyuma ya Bar1 upo ulinzi wa pili. Mwaka 1982 Russell Chan na Carol Otte walieleza kuhusu seli za hamira zenye kasoro iliyozifanya zisimamishwe na kiasi cha feromoni ambacho seli ya kawaida ingekipuuza. Moja ya jeni zilizoharibika ilikuwa ni ileile ya Bar1. Nyingine ikaitwa Sst2. Seli zilizokosa Sst2 zilikuwa na balaa la ziada: zikishasimama, zilishindwa kurejea katika maisha ya kawaida. Ziliganda katika hali ya kungoja, midomo imechomoza, hazizai wala haziolewi. Baadaye ilifahamika kwamba Sst2 humkabili yule mshenga mwenye kizimio kivivu. Yenyewe haikati kitu; humshika mshenga kwa namna inayomfanya aikate fosfeti ya GTP kwa kasi kubwa zaidi. Bila Sst2 taa huzimika, ila huchelewa mno.

Ulinzi wa tatu ni fosfatasi, na mashuhuri kati yake ni Msg5, inayombandua Fus3 fosfeti aliyobandikwa. Hapa hamira inaonyesha busara ya pekee. Katika jeni zinazoamshwa na posa, zimo za Bar1, za Sst2 na za Msg5. Maana yake, ishara inapofika katika kiini, pamoja na kuamuru harusi huagiza pia maji ya kuuzimia moto huo. Ishara ikiwa ya kweli na ikidumu, harusi hutangulia. Ikiwa ya kupita, maji hutangulia, na seli hurudi kuchipuza kana kwamba hapakutokea neno.

Haya yangeweza kubaki kuwa mambo ya hamira. Walakini wataalamu walipotafuta protini zinazofanana na Sst2 katika viumbe wengine, walizikuta kwa wingi. Binadamu peke yake ana takriban 20. Moja yao, iitwayo RGS9, hufanya kazi ndani ya jicho, mahali ambapo nuru huamsha protini ya G kama vile feromoni inavyoiamsha katika hamira. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha habari za wagonjwa wachache waliozaliwa na hitilafu katika RGS9 au katika protini inayoishikilia mahali pake. Wagonjwa hao hawakuwa vipofu. Lakini walipotoka gizani na kuingia katika mwanga mkali, walipotewa na kuona kwa sekunde kadhaa, na tabu yao nyingine ilikuwa kukiona kitu kinachokwenda mbio, kama mpira uliopigwa. Picha ya kwanza ilikuwa haijafutika ilhali ya pili imeshafika. Ni ugonjwa ule wa hamira isiyo na Sst2, umehamia katika jicho la mwanadamu.

Penye hatari kubwa zaidi ni kwa Ras. Hii ni ndugu mdogo wa protini ya G. Nayo hushika GTP ikawaka, huikata ikazimika. Katika hamira Ras haihusiki na posa, bali huiarifu seli kwamba chakula kipo, ikue. Katika binadamu nayo husukuma ukuaji. Mwaka 1985, miongoni mwa wengine, kundi la Michael Wigler katika maabara ya Cold Spring Harbor lilionyesha kwamba hamira iliyoondolewa jeni zake za Ras, ambayo ingekufa, huweza kuishi ikipewa Ras ya mamalia. Ukoo ulioachana zaidi ya miaka milioni elfu moja iliyopita ulikuwa bado unaelewana lugha.

Takriban saratani moja katika kila tano za binadamu ina kasoro katika jeni za Ras, na mara nyingi kasoro hiyo ni herufi moja tu iliyobadilika. Badiliko hilo haliiongezei Ras nguvu mpya. Huiondolea uwezo wa kuikata GTP. Taa imewaka, kizimio kimevunjika, na seli huendelea kuamini kwamba imeambiwa ikue. Hamira ilifundisha zaidi ya hapo: mwaka 1990 ilibainika kwamba jeni linaloharibika katika neurofibromatosi, ugonjwa wa kurithi unaoota vinundu katika neva, ni ndugu wa jeni za hamira ziitwazo Ira, ambazo kazi yake ni kuisaidia Ras ijizime.

Kinasi nazo zina maafa yake. Katika leukemia ya maieloidi sugu, ambayo ni saratani ya damu, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, na kinasi moja ikabaki bila breki. Kinasi ya namna hiyo hasa haimo katika hamira, lakini kazi ya kubandika fosfeti ni ileile. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba mahali ambapo kinasi hiyo hushikia ATP. Wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa miaka michache ya kuishi walianza kuzeeka na kuona wajukuu. Kupitia mpango wa msaada wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, dawa hiyo ilitolewa bila malipo kwa wagonjwa wa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Ras yenyewe ilikataa kutibika kwa miongo mingi. Umbo lake ni laini, halina pango la kutosha kwa dawa kushika, na hushikilia GTP kwa nguvu kupindukia. Hatimaye mwaka 2021 Marekani iliidhinisha sotorasib, dawa inayojifunga juu ya aina moja tu ya Ras iliyoharibika, na hiyo ikiwa katika saratani ya mapafu. Katika saratani ya utumbo mpana yenye kasoro hiyohiyo, matokeo ya dawa hiyo ikiwa peke yake yalikuwa hafifu zaidi. Sababu yake ingemkumbusha msikilizaji habari za Msg5. Katika seli za binadamu pia, njia ya Ras huagiza fosfatasi na vizimio vingine vya kuituliza. Dawa ikiikata njia, amri ya kuvitengeneza vizimio hivyo nayo hukatika; vipokezi vilivyo juu ya utando hubaki bila wa kuvinyamazisha, vikapaza sauti, na ishara ikajipenyeza tena kwa mlango mwingine. Kwa sababu hiyo, Januari 2025 idhini iliyotolewa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa ya dawa mbili kwa pamoja: sotorasib ya kuizima Ras, na panitumumab ya kukiziba kipokezi kilicho juu yake.